Namna ya kuianza Star Trek: sehemu 28, kisha Deep Space Nine yote

Star Trek ni familia ya tamthilia za Marekani kuhusu safari za angani za siku zijazo. Tamthilia zake tano za kwanza zenye waigizaji wa kweli, kuanzia ile ya 1966 hadi Enterprise iliyomalizika 2005, zina jumla ya sehemu 703 ukihesabu kila sehemu ya saa mbili kama mbili. Ni zaidi ya saa 500. Hapo hujagusa katuni, filamu za sinema, wala tamthilia mpya zilizoanza 2017. Mtu anayeapa kuzitazama zote kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza, mara nyingi huishia katikati ya msimu wa kwanza, na huondoka akidhani Star Trek ni watu wa fulana za rangi wanaopambana na mawe ya karatasi.

Hakuna haja ya kiapo hicho. Kwa miaka mingi tamthilia hizi ziliandikwa kila sehemu ijitegemee, kwa sababu mtazamaji wa wakati ule akikosa wiki moja hakuwa na namna ya kuirudia. Kwa hiyo unaweza kuchagua, na hadithi haitakupotea. Mambo hubadilika ukifika tamthilia ya tatu, Deep Space Nine. Hapo hadithi inajengwa juu ya hadithi, na kuruka kunaumiza. Njia iliyo hapa inafuata tofauti hiyo: sehemu 13 za nahodha Kirk (tamthilia ya kwanza), sehemu 15 za nahodha Picard (The Next Generation, ya pili), kisha Deep Space Nine kwa ukamilifu wake. Zile 28 za mwanzo ni kama saa 22. Ukitazama mbili kila jioni, wiki mbili zinatosha.

Usifuate mwaka wa ndani ya hadithi

Mtandaoni kuna orodha nyingi zinazopanga Star Trek kwa miaka ya matukio yake. Zinaanza na Enterprise (mwaka 2151), zinaenda Discovery (2256), ndipo zinamfikia Kirk. Orodha hizo zinamfaa aliyekwisha kuona kila kitu. Kwa mgeni ni mtego, kwa sababu Enterprise iliandikwa mwanzoni mwa karne hii kwa watu waliokuwa na miaka 35 ya Star Trek kichwani. Raha yake nyingi iko katika kuona mwanzo wa mambo unayoyajua tayari, na kama huyajui huoni mwanzo wa chochote. Tena sehemu yake ya mwisho kabisa imewekwa ndani ya tukio la msimu wa 7 wa The Next Generation. Anayeanza na Enterprise atafika mwisho wake akikutana na watu asiowajua wakiongea habari asiyoijua.

Fuata mwaka wa kurushwa hewani. Hiyo ndiyo kanuni, na tofauti chache zitatajwa mahali pake.

Sehemu 13 za Kirk

Tamthilia ya kwanza ilirushwa na NBC ya Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi Juni 1969: misimu mitatu, sehemu 79, kila moja kama dakika 50. Kabla ya kuchagua, angalia orodha uliyonayo inaanza na nini. Kama ya kwanza ni "The Cage", hiyo ni sehemu ya majaribio iliyokataliwa na kituo na haikurushwa hewani wakati ule. Ongeza moja kwenye kila namba ya msimu wa 1 iliyo hapa chini. Kama ya kwanza ni "The Man Trap", namba zitalingana.

Anza na hiyohiyo "The Man Trap". Si nzuri kuliko zote, ila ina jambo ambalo mtazamaji wa Kiswahili atalisikia kabla ya wengine: kiumbe kinachojigeuza sura kinamtokea Luteni Uhura kama mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Jina lake lenyewe ni "uhuru" lililobadilishwa herufi ya mwisho, na jina lake la kwanza, Nyota, halihitaji maelezo kwetu. Nichelle Nichols aliyemwigiza alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kwenye runinga ya Marekani kupewa nafasi ya afisa mwenye madaraka badala ya mtumishi wa nyumbani. Alipotaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King alimsihi abaki, na alibaki.

Kisha ruka hadi ya 10, "The Corbomite Maneuver". Ndiyo ya kwanza kupigwa baada ya zile mbili za majaribio, lakini michoro yake ya angani ilichelewa kukamilika ikarushwa Novemba. Kwa kutengenezwa ni mwanzo halisi: inakutambulisha Kirk, Spock na daktari McCoy wakiwa kazini. Jihadhari na ya 3, "Where No Man Has Gone Before". Ni jaribio la pili, na lilirushwa katikati ya nyingine bila maelezo. Sare ni tofauti, daktari ni mwingine, Uhura hayupo. Anayeitazama kwa mpangilio hudhani faili limekosewa.

Endelea na ya 11 na ya 12, "The Menagerie", ambayo ni hadithi moja vipande viwili; humo walizitumia upya picha za "The Cage", kwa hiyo hutakuwa umekosa kitu. Kisha ya 14, "Balance of Terror", inayowaleta maadui waitwao Waromulan kwa mara ya kwanza. Hii itazame kwa makini kwa sababu itarudi mwishoni mwa njia hii. Ya 22 ni "Space Seed", inayomleta Khan. Bila hiyo, filamu ya sinema ya 1982 inabaki na nusu ya uzito wake. Ya 25, "The Devil in the Dark", inahusu wachimba madini na kiumbe kinachowaua, na sababu ya kuua huko ndiyo roho ya tamthilia nzima. Ya 28, "The City on the Edge of Forever", usiitazame ukiwa na simu mkononi.

Msimu wa 2 chukua ya 1, 3, 4, 6 na 15. Ya 1, "Amok Time", inakupeleka Vulcan, kwao Spock. Ya 3, "The Changeling", mtambo unamfutia Uhura kumbukumbu, na anapofundishwa kusoma upya Kiingereza anateleza na kurudia Kiswahili. Ya 4, "Mirror, Mirror", ni ulimwengu wa kinyume ambao Deep Space Nine itaurudia baadaye. Ya 6 ni "The Doomsday Machine", na ya 15, "The Trouble with Tribbles", ni ya kucheka.

Msimu wa 3 uache. Ulihamishiwa Ijumaa saa 4 usiku, saa ambayo vijana hawako mbele ya runinga, fedha zikapunguzwa, na inaonekana. Ukitaka moja tu kwa ajili ya historia, ya 10, "Plato's Stepchildren", ndiyo yenye busu la Kirk na Uhura lililozungumzwa sana mwaka 1968.

Sehemu 15 za Picard

The Next Generation ilirushwa 1987 hadi 1994: misimu 7, sehemu 178, kila moja dakika 45. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na hawana kosa. Msimu wa 1 ni mzito na haujui unataka nini. Sehemu yake ya 4, "Code of Honor", inawachora watu weusi kama jamii ya kuteka wanawake. Iruke bila majuto. Msimu wa 2 ulikatwa na mgomo wa waandishi wa 1988 ukaishia sehemu 22, na ya mwisho ni vipande vya sehemu za nyuma vilivyounganishwa ili muda ujae. Tamthilia inasimama kwa miguu yake kuanzia msimu wa 3.

Kutoka msimu wa 2 chukua mbili tu: ya 9, "The Measure of a Man", kesi ya kuamua kama Data, mtu wa mashine, ni mali ya jeshi au ni mtu; na ya 16, "Q Who", inayowaleta Borg, maadui walio nusu kiumbe nusu mashine. Msimu wa 3: ya 15, "Yesterday's Enterprise", na ya 26, "The Best of Both Worlds". Hii ya 26 inakatikia pabaya. Hakikisha ya 1 ya msimu wa 4 iko tayari kabla hujaianza, kisha tazama ya 2, "Family", siku inayofuata. Watu huiacha kwa kuwa haina vita, lakini ndiyo inayoonyesha alichofanyiwa Picard kimemfanya nini.

Msimu wa 4, ya 12, "The Wounded", na msimu wa 5, ya 3, "Ensign Ro", usizione kama za kawaida. Ya kwanza inawatambulisha Wacardassia, ya pili Wabajor, na mataifa hayo mawili ndiyo msingi wa Deep Space Nine. Katikati yake kuna ya 21 ya msimu wa 4, "The Drumhead", kuhusu uchunguzi wa msaliti unaogeuka kuwa uwindaji wa watu.

Msimu wa 5, ya 2, ni "Darmok", na mtazamaji wa Kiswahili ana faida ya kuzaliwa nayo hapa. Picard anakutana na watu ambao mashine ya kutafsiri inayajua maneno yao yote lakini haiwaelewi, kwa kuwa wanasema kila kitu kwa kutaja visa vya kwao. Mpe mgeni kamusi na umwambie "sikio la kufa halisikii dawa": atapata sikio, atapata kifo, atapata dawa, na hatapata ulichomwambia. Tatizo la Picard ni hilohilo. Wamarekani wengi waliiona kama fumbo la ajabu. Kwa aliyelelewa na methali na mafumbo, jambo linaeleweka dakika ya 10, na iliyobaki ni kumtazama Picard akilifikia.

Malizia na ya 25 ya msimu wa 5, "The Inner Light", na ya 10 na 11 za msimu wa 6, "Chain of Command". Mbili za mwisho za msimu wa 7, "All Good Things...", zinakamilisha hesabu ya 15 na zinaweza kutazamwa sasa au baada ya kurudi kuzijaza nyingine.

Deep Space Nine, bila kuruka

Ilirushwa 1993 hadi 1999, misimu 7, sehemu 176. Hakuna chombo kinachosafiri. Kuna kituo cha angani kilichotulia karibu na sayari ya Bajor, ambayo imetoka tu kukombolewa baada ya nusu karne ya kutawaliwa na Wacardassia. Anayekiongoza ni Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks: mwanamume mweusi, mjane, anayemlea mwanawe. Chini yake yuko Kira Nerys, aliyekuwa msituni tangu utotoni na sasa anatakiwa kukaa ofisini na kusaini karatasi. Maswali yake ni yale ambayo nchi zilizopata uhuru zinayajua: waliofanya kazi na mkoloni wafanyweje, nani anaandika historia, wapiganaji wakiwa serikali wanakuwa watu gani, na huyu mgeni aliyekuja "kusaidia" ataondoka lini. Katika Star Trek yote hakuna tamthilia inayostahili muda wetu kuliko hii.

Namba zake huvuruga watu. Sehemu ya ufunguzi, "Emissary", ni ya saa mbili: orodha nyingine huihesabu mbili, nyingine moja, na msimu wote wa 1 unasogea kwa moja. Jaribu hivi: tafuta "Duet". Ikiwa ya 19, orodha yako inahesabu mbili. Ikiwa ya 18, inahesabu moja. Msimu wa 4 una tatizo hilohilo kwa "The Way of the Warrior". Ukikuta jina na namba havilingani, amini jina.

Msimu wa 1 ndio pekee unaoweza kupunguzwa. Kwa hesabu ya mbili, ya 1 hadi ya 3, ya 6, 11, 15, 19 na 20 zinatosha. "Duet" karibu yote ni watu wawili chumbani, Kira na mfungwa wa Kicardassia, na inawapita wengi wenye milipuko ya mamilioni. Kuanzia msimu wa 2, ambao unaanza na hadithi ya vipande vitatu, tazama kila kitu. Zipo dhaifu, lakini hata ndani ya dhaifu kuna neno moja litakalorudi misimu miwili mbele.

Panga muda wako kwa misururu miwili mizito. Ya 26 ya msimu wa 5 pamoja na 6 za mwanzo za msimu wa 6 ni mnyororo mmoja wa vita; usizitenganishe kwa wiki. Na kuanzia ya 17 ya msimu wa 7 hadi mwisho ni hadithi moja ndefu ya sehemu 10. Ya 6 ya msimu wa 5, inayowarudisha wahusika katika tukio la Tribbles la 1967 kwa kuwachanganya ndani ya picha za zamani, haina ladha kama hukutazama ile ya Kirk. Na sehemu ya 13 ya msimu wa 6, "Far Beyond the Stars", aliyoielekeza Avery Brooks mwenyewe, inampeleka Sisko New York ya miaka ya 1950 kama mwandishi mweusi wa hadithi za kisayansi ambaye mhariri hataki shujaa wake awe mweusi. Usiisome popote kabla ya kuiona.

Picha, bando na maandishi ya chini

Tamthilia zote za kabla ya Enterprise zilipigwa kwa umbo la runinga ya zamani, 4 kwa 3. Kwenye skrini ya leo kutakuwa na weusi kushoto na kulia, na ndivyo inavyotakiwa. Ukivuta picha ijaze skrini, nyuso zinapanuka; ukiikuza, unakata vichwa na miguu. Kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, bonyeza A hadi umbo lirudi la asili, na C kama picha imekatwa.

Kuhusu ubora, usinunue usichokipata. Tamthilia ya Kirk na ya Picard zilitafutiwa filamu zake halisi na kusafishwa upya, kwa hiyo picha ya hali ya juu ni ya kweli. Deep Space Nine na Voyager zilipigwa kwa filamu lakini zikahaririwa kwenye kanda za video, na kazi ya kuzirudia yote haijafanyika. Toleo lolote linalodai mistari 1080 ni lile dogo lililopanuliwa. Hesabu ni hii: dakika 45 kwa megabiti 1.5 kwa sekunde ni kama MB 500. Kwa megabiti 5 ni GB 1.7. Msimu wa sehemu 26 unakula GB 13 au GB 44, na kwa Deep Space Nine macho hayataona tofauti inayolingana na bando hilo. Ukipakua, chagua ubora wa kawaida. Weka ubora wa juu kwa Picard.

Maandishi ya chini yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha kwenye VLC. Kila mbonyezo ni sehemu 50 za elfu ya sekunde. Yakianza sawasawa na kuzidi kupotea kadiri unavyoendelea, hizo herufi hazitasaidia. Maana yake maandishi yalitengenezwa kwa toleo la Ulaya linalokimbia picha 25 kwa sekunde ilhali lako ni la picha 23.976, na hadi mwisho wa dakika 45 tofauti hufika karibu dakika mbili. Tafuta faili jingine, au ubadilishe kasi ya maandishi kwenye sehemu ya kulinganisha sauti na picha.

Baada ya hapo

Voyager (1995 hadi 2001) ni rahisi kuingia: chombo kimetupwa mbali, safari ya kurudi ingechukua miaka 75. Inachangamka kuanzia mwisho wa msimu wa 3. Tamthilia ya Picard ya 2020 ina misimu 3 ya sehemu 10, na msimu wa 3 unahitaji uwe umeijua The Next Generation na adui wa Deep Space Nine. Discovery ni hadithi ndefu ya kufuatana, usichague vipande. Kwa watoto wa kuanzia miaka 8 hivi, Prodigy, katuni ya sehemu 40, haihitaji maarifa yoyote ya nyuma.

Strange New Worlds, iliyoanza 2022, misimu yake mitatu ya kwanza ikiwa na sehemu 10 kila mmoja, ndiyo ya kumpa mtu asiyeweza kuvumilia picha za 1966. Hapo Uhura ni kijana, ameigizwa na Celia Rose Gooding, na katika sehemu ya 2 tunasikia mezani kwa nahodha kwamba anatoka Kenya na anazungumza lugha 37. Ila usifike ya 10 ya msimu wa 1 hivihivi. Sehemu hiyo inairudia "Balance of Terror" karibu hatua kwa hatua, nahodha akiwa mwingine, na kila uamuzi wake unapimwa kwa ule wa Kirk. Tazama ya 1966 jioni, na hii kesho yake.